Msimamizi wa wodi na Muuguzi Mfawidhi: madaraka yameongezeka, mshahara haujasogea. Wadai nini, wapi, na kwa hesabu gani?

Sista_Wodi4

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozijua taratibu za utumishi na sheria za kazi, hasa upande wa wauguzi.

Mazingira ni hospitali teule ya wilaya, Tanzania Bara. Ni mali ya kanisa na ina mkataba wa huduma na halmashauri. Wodi moja ina wauguzi wa serikali na wauguzi wa kanisa: sare moja, wanapokezana ripoti moja, ila mishahara inatoka mifuko miwili. Wanaohusika ni wawili.

Wa kwanza ni Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada, mwajiriwa wa serikali wa muda mrefu. Amepewa usimamizi wa wodi ya watoto yenye vitanda 32. Barua hana, alitangazwa tu kwenye kikao cha asubuhi. Anataka kwenda kusoma shahada, lakini ameambiwa akirudi atashushwa daraja.

Wa pili ni Afisa Muuguzi mwenye shahada, mwajiriwa wa kanisa, mshahara wa msingi Sh 900,000. Hospitali inataka awe Muuguzi Mfawidhi, yaani mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, kwa posho ya madaraka ya Sh 150,000 kwa mwezi. Kwa sasa ana zamu za usiku kama 6 kwa mwezi, na saa za ziada anazolipwa kama 20.

Maswali yangu: Je, usimamizi wa wodi unampandisha mtu daraja? Hiyo posho ya 150,000 ni ya haki? Na shahada inamsaidia au inamrudisha nyuma aliyekwisha kupanda? Naomba majibu yenye taratibu, maana ya kutiana moyo tumeyasikia mengi.

---

Masijala

Sista, nianze na huyo wa serikali.

Serikalini kuna cheo cha muundo na kuna madaraka, na hivyo ni vitu viwili. Cheo cha muundo ndicho kinachoonekana kwenye hati ya mshahara: kwa ngazi za TGHS, yaani za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, Muuguzi wa cheti anaanzia TGHS A, Afisa Muuguzi Msaidizi II TGHS B, Afisa Muuguzi II TGHS C. Ndani ya kila ngazi kuna hatua, B.1, B.2 na kuendelea. Usimamizi wa wodi haumo kwenye ngazi hizo. Ni jukumu ambalo mtu wa ngazi yoyote anaweza kupangiwa. Ndiyo maana utakuta msimamizi wa wodi ana mshahara mdogo kuliko wauguzi watatu anaowapangia rosta, na kiutumishi hakuna aliyekosea. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana. Anayesubiri usimamizi umpandishe daraja atasubiri hadi astaafu.

Kinachompandisha ni mambo manne yakikutana mwaka mmoja: awe amethibitishwa kazini na ametimiza muda kwenye daraja alilopo, utendaji wake uwe umepimwa na kuonekana kwenye mfumo, nafasi iwe kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na fedha iwe imetengwa kwenye bajeti ya mishahara. Wauguzi wengi huangalia hayo mawili ya mwanzo tu. Yanayowaangusha ni mawili ya mwisho, kwa sababu yanaandaliwa na ofisi ya utumishi miezi mingi kabla ya Julai, wakati muuguzi hana habari. Ikama ya halmashauri ikipelekwa bila jina lake kwenye orodha ya wanaostahili kupanda, mwaka mzima umepotea. Aende kwa Afisa Utumishi kati ya Septemba na Novemba, aulize kwa jina: "Je, nimo kwenye makadirio ya wanaopanda mwaka ujao wa fedha?" Kama hayumo, aulize kwa nini, kisha apeleke kinachopungua kwa barua kupitia kwa Mganga Mfawidhi. Mara nyingi kinachopungua ni kitu kidogo: barua ya kuthibitishwa haimo kwenye jalada, au tarehe ya daraja la mwisho imeingizwa vibaya kwenye mfumo wa mishahara.

Upande wa upimaji wa utendaji, mfumo wa zamani wa fomu, OPRAS, umeshaondoka, tuko kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Hapa wasimamizi wa wodi wanajipunja wenyewe. Wanaingiza kazi za kitandani peke yake, yaani kutoa dawa, kuhudumia wagonjwa, kufunga vidonda, halafu usimamizi hauonekani popote. Mwaka unapoanza Julai, aingize na majukumu ya uongozi yenye kipimo: rosta kutolewa siku kadhaa kabla ya mwezi kuanza, leja ya dawa kulinganishwa na hesabu halisi kila wiki, wauguzi wapya wangapi kuelekezwa kazi, vikao vya wodi vingapi kwa robo mwaka. Tena ahakikishe aliyewekwa kwenye mfumo kama msimamizi wake ndiye anayemsimamia kweli. Kwenye hospitali teule hili huvurugika: mtumishi wa serikali anasimamiwa na Muuguzi Mfawidhi wa kanisa ambaye hayumo kwenye mfumo wa serikali, kazi zinakaa bila kuidhinishwa, na alama zinashuka bila mtu kuzembea. Dawa yake ni kumwomba Afisa Utumishi amwekee kwenye mfumo msimamizi ambaye ni mtumishi wa serikali, kwa mfano Muuguzi Mkuu wa Halmashauri, na apate taarifa ya utendaji kutoka kwa Mfawidhi kwa maandishi.

Kuhusu barua. Bila barua, hakuna usimamizi kiutumishi. Leja ikikosa vidonge vya dawa inayodhibitiwa, ataulizwa yeye. Posho ikigawiwa, ataambiwa hakuteuliwa. Barua itaje jukumu, wodi, tarehe ya kuanza, mkuu ambaye msimamizi anaripoti kwake, na malipo kama yapo, na iwe na nakala kwenda jalada binafsi. Kwa huyu wa serikali, nakala iende pia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, maana huyo ndiye mwajiri wake.

Angalizo moja: neno "kaimu" lisiandikwe ovyo. Kukaimu ni utaratibu wenye masharti yake, lazima kuwe na nafasi iliyo wazi na kibali cha mamlaka husika, na ni wa muda. Barua ya kukaimu iliyoandikwa na asiye na mamlaka hailipwi, na hata ikilipwa mkaguzi ataihoji na fedha itadaiwa irudishwe. Kama ni usimamizi wa wodi, iandikwe "msimamizi wa wodi".

Shahada nitaigusa baadaye nikipata nafasi, ina maelezo marefu.

---

Saa45

Nimchukue huyo wa kanisa, maana yeye yuko moja kwa moja chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Kabla ya kusema posho ya 150,000 ni nzuri au mbaya, apige hesabu ya anachopoteza. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Sheria inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za wiki ili kupata malipo ya saa moja. 4.333 × 45 ni 195. Kwa hiyo:

900,000 ÷ 195 = Sh 4,615 kwa saa.
Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: Sh 6,923.
Saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5: Sh 231 kwa saa.

Saa 20 za ziada ni Sh 138,460. Usiku 6 zenye saa 10 kila mmoja ni 60 × 231, yaani Sh 13,860. Jumla Sh 152,320 kwa mwezi.

Sasa njoo kifungu cha 17 cha sheria hiyo. Masharti ya saa za kazi, pamoja na saa za ziada na nyongeza ya usiku, hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Muuguzi Mfawidhi anayeripoti kwa Mkurugenzi wa hospitali anaangukia hapo. Akikubali umfawidhi, mwajiri anaweza kuacha kumlipa hizo 152,320, akampa 150,000. Amepanda cheo, mfukoni amepungukiwa Sh 2,320, na sasa simu ya hospitali itamwamsha usiku wa manane bila malipo. Mtu akiweka hesabu hii kwenye karatasi moja na kuipeleka kwenye mazungumzo, anazungumza akiwa na msingi. Kiasi kinachofidia tu alichokuwa anapata ni 152,320. Malipo ya madaraka yenyewe yanaanza juu ya hapo.

Lakini kifungu hicho kisivutwe hadi kwa wasimamizi wa wodi. Nimeona waajiri wakiwaambia wasimamizi wa wodi kuwa "ninyi ni viongozi, hamna saa za ziada". Kisheria mtumishi wa menejimenti ya juu ni yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya masharti ya kazi, na chama cha wafanyakazi. Mfawidhi wa kawaida hana mamlaka hayo. Msimamizi wa wodi anayeripoti kwa Mfawidhi haripoti kwa menejimenti ya juu, kwa hiyo saa zake za ziada zinabaki palepale.

Jambo la pili ni posho au mshahara wa msingi. Kwa mwajiri, posho ni nyepesi: anaiondoa siku anapomwondoa mtu kwenye madaraka. Kwa mfanyakazi, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiinua mgongo cha kisheria hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Sh 150,000 ikiwa ndani ya mshahara wa msingi, kwa mgawanyo wa siku 26, ni Sh 40,385 kwa kila mwaka wa utumishi. Kwa miaka 10 ni kama Sh 403,800 ambazo posho haziwezi kuzaa. Pendekezo langu: aombe sehemu kubwa iingie kwenye mshahara wa msingi kwa sababu kazi yenyewe imebadilika, na sehemu ndogo ibaki posho ya simu na kuitwa usiku.

Tatu, zamu za saa 12. Sheria inaruhusu siku ndefu hadi saa 12, pamoja na mapumziko ya chakula, kwa makubaliano ya maandishi, mradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zamu 4 za saa 12, kila moja ikitolewa saa moja ya mapumziko, ni saa 44. Ziko ndani. Ila muuguzi aliye peke yake usiku na watoto 32 hawezi kutoka wodini kwenda kula. Saa ya mapumziko ambayo mtu anatakiwa awepo kazini ni saa ya kulipwa. Zamu 4 zinakuwa saa 48, na 3 kati ya hizo ni za ziada. Kwa mshahara wa 900,000 hiyo ni Sh 20,769 kwa wiki. Msimamizi wa wodi aandike kwenye kitabu cha ripoti kila usiku ambao muuguzi alikuwa peke yake, kwa tarehe na saa. Kitabu hicho ndicho ushahidi.

Mwajiri akikataa, suala lisikae. Mgogoro wa malipo upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu uanze, kwa fomu ya CMA F.1. Ni wa kuachishwa kazi pekee ambao una siku 30. Watu wanapoteza madai ya haki kabisa kwa kusubiri kikao cha bodi ambacho hakiitishwi.

---

Muuguzi_Kaunti

Hamjambo kutoka Kenya. Kwetu mambo yanafanana, ila kuna kifaa kimoja ambacho wauguzi wengi wanakisahau.

Katika utumishi wa umma, anayekaimu nafasi ya juu akiwa na sifa zake hulipwa posho ya kukaimu, asilimia 20 ya mshahara wake wa msingi. Asiyetimiza sifa zote lakini amepewa majukumu hayo hulipwa posho ya jukumu maalum, asilimia 15. Kwa mshahara wa msingi wa Sh 60,000 za Kenya, ni 12,000 dhidi ya 9,000. Tofauti inaletwa na neno moja kwenye barua, kwa hivyo soma barua kabla ya kusaini.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kukaimu kuwe kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi 6. Kaunti nyingi humwacha muuguzi akisimamia huduma za uuguzi za hospitali nzima kwa miaka kupitia memo ya msimamizi wa hospitali, bila barua ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Memo haimpi asilimia yoyote. Dai la kwanza liwe barua ya bodi. Pesa zifuate. Miezi 6 ikikaribia kuisha, mwandikie katibu wa bodi ukiomba nafasi itangazwe, na ushindanie.

Na usisahau kuwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa. Hapo ndipo panahitaji mtu aeleze thamani ya kazi yake kwa maandishi, jambo ambalo sisi wauguzi hatujalizoea.

---

Sista_Wodi4

Asanteni sana. Hesabu ya Saa45 imenifungua macho, kweli posho ilikuwa inaonekana nyongeza.

Nina nyongeza ya swali kutokana na alichosema ndugu wa Kenya. Thamani ya kazi inaandikwaje? Msimamizi wa wodi ya watoto anahesabiwa kama mmoja wa wauguzi wa zamu, anabeba wagonjwa kama wengine, halafu rosta, dawa na ripoti anafanya jioni nyumbani. Akiambiwa "kwani wewe umezidi nini?" ajibu kwa kitu gani?

---

Zamu_na_Ripoti

Sista, hapo umefika kwenye kiini. Ajibu kwa hesabu ya rosta kwanza, ndipo aeleze majukumu.

Nafasi moja ya muuguzi kitandani, saa 24 siku 7, ni saa 168 kwa wiki, saa 8,736 kwa mwaka. Muuguzi mmoja hapatikani wiki zote 52. Toa likizo ya siku 28 ambayo ni wiki 4, toa sikukuu kama wiki 3, toa ugonjwa na mafunzo wiki 2. Zinabaki wiki 43, mara saa 45, ni saa 1,935. Gawanya 8,736 kwa 1,935 unapata 4.5. Hiyo ni bila kuhesabu muda wa kupokezana ripoti. Kwa zamu tatu, nusu saa kila makabidhiano, unaongeza saa 546 kwa mwaka na kila nafasi inahitaji watu 4.8. Wodi inayotaka wauguzi wawili kila zamu inahitaji basi wauguzi 9 hadi 10, na msimamizi ni wa ziada juu ya hao.

Sasa aangalie wodi yake. Kama wapo 8 na yeye akiwa ndani ya hao 8, hospitali imemfanya msimamizi kwa jina, kwa sababu kila saa anayotumia kwenye leja inatoka kwa mtoto fulani au inatoka nyumbani kwake. Hesabu hii iwe ukurasa wa kwanza wa barua. Haimlaumu mtu, inaonyesha pengo, na Mfawidhi anaweza kuibeba hadi kwenye mpango wa hospitali. Kwa upande wa serikali inakwenda vizuri na njia ya WISN ya Shirika la Afya Duniani, inayokokotoa idadi ya watumishi kutokana na mzigo halisi wa kazi.

Ukurasa wa pili ndio thamani ya kazi. Tumia vichwa vinne vinavyotumika sana katika kupima kazi: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira. Asiandike "nasimamia wodi". Aandike kinachoonekana. Kwa wodi ya watoto, wajibu ni kama hivi: funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa na rejista yake, mitungi ya oksijeni, nani anaangalia geji kabla ya usiku kuingia, uamuzi wa kumhamisha muuguzi kutoka kitanda kimoja kwenda kingine mtoto akibadilika, mzazi anayelalamika saa 11 alfajiri, wanafunzi wa chuo wanaohesabu dozi kwa uzito wa mtoto, na anayehakiki hesabu yao kabla sindano haijachomwa. Mbele ya kila jambo aweke mara ngapi kwa wiki na dakika ngapi. Aandike kwa wiki mbili mfululizo, papo hapo wodini. Kukumbuka mwisho wa mwezi hakufai, maana mambo madogo husahaulika na ndiyo yanayokula muda.

Juhudi si kubeba peke yake. Kumwambia mama kwamba mwanawe hayupo tena, halafu dakika kumi baadaye kugawa dawa za saa 12 bila kukosea dozi, ni juhudi, na mifumo mizuri inaipima. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, tangu mfumo wao wa mishahara wa 2004, hupima kila kazi kwa vigezo 16, na juhudi za kihisia ni kimojawapo. Kwao muuguzi mpya huwa ngazi ya 5 na msimamizi wa wodi kwa kawaida ngazi ya 7. Maana yake usimamizi wa wodi umewekwa ndani ya ngazi ya mshahara, jambo ambalo Masijala ameonyesha kuwa kwetu halipo. Huko ndiko TANNA (chama cha wauguzi) na TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) wanapaswa kusukuma, kubadilisha muundo wenyewe. Muuguzi mmoja mmoja hawezi kulifikisha huko.

Mwishoni mwa barua aombe vitu vitatu tu, na kwa mpangilio huu: barua ya uteuzi, saa maalum za usimamizi zinazoonekana kwenye rosta (angalau siku moja kwa wiki ambayo hahesabiwi kitandani), kisha posho. Posho huwekwa mwisho kwa makusudi. Uongozi ukikubali mawili ya kwanza umekiri kuwa kazi ipo, na hapo kukataa la tatu kunakuwa kugumu. Akianza na posho ataambiwa fungu halipo na mazungumzo yanafungwa.

---

Saa45

Naongezea dogo kwa hospitali teule. Hoja ya malipo sawa haiwezi kumlinganisha muuguzi wa kanisa na wa serikali, kwa sababu waajiri ni wawili. Watu hupoteza muda hapo. Ila posho ya usimamizi inayotoka kwenye mapato ya hospitali yenyewe ni fungu moja. Hapo waombe posho ifuate nafasi, isimfuate mwajiri: msimamizi wa wodi ya watoto alipwe kiasi kile kile awe wa kanisa au wa halmashauri. Ipelekwe kwenye bodi ya hospitali kama kiwango kwa wodi zote. Ombi la mtu mmoja huonekana la kibinafsi.

Upande wa kanisa, chama kikiwa na wanachama wengi mahali pa kazi, viwango hivyo viingizwe kwenye mkataba wa hali bora. Vikiwa humo, uongozi mpya hauwezi kuvifuta kwa memo. Na Mfawidhi asiogopeshwe kwamba lazima ajitoe kwenye chama. Katazo la kuwa chama kimoja na wanaosimamiwa ni la menejimenti ya juu, kwa tafsiri ile ile niliyoitaja.

---

Masijala

Nimerudi kwa ajili ya shahada.

Walichomwambia kuhusu kushuka kina ukweli nusu. Akimaliza shahada, anabadilishwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi, na kada mpya huanza daraja la II, TGHS C. Kama alikuwa amepanda juu ya C, cheo kinaanza upya. Mshahara haushuki: anabaki na ule aliokuwa nao kama mshahara binafsi hadi kada mpya itakapoufikia. Anachopoteza ni miaka. Atakaa bila kuongezeka huku wenzake wa stashahada wakipanda.

Kwa hiyo muda wa kwenda ndio unaoamua. Aliye TGHS B au aliyefika C karibuni, aende mapema, maana hapotezi kitu na dari ya kada ya shahada iko juu zaidi. Aliyebakiza miaka michache kustaafu na yuko juu ya C, apige hesabu ya madaraja atakayoyapata kila njia hadi siku ya kustaafu. Mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yanafuata mshahara, posho hazimo, kwa hiyo daraja moja mwishoni lina uzito mkubwa kuliko posho ya miaka mitano.

Makosa yanayowafunga watu ni ya mpangilio. Anaanza chuo kwa mpango wake bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri, kisha anarudi na cheti ambacho hakikuwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na nafasi ya kada mpya haimo kwenye ikama. Cheti kinakaa kwenye jalada. Mpangilio sahihi: jina liingie kwenye mpango wa mafunzo, apate ruhusa ya Mkurugenzi kwa barua, asome, apate usajili na leseni ya ngazi mpya kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha aombe kubadilishwa kada mapema kabla ikama ya mwaka ujao haijafungwa. Leseni ya ngazi ya zamani ikiambatishwa kwenye maombi, yatarudishwa.

Akitaka uongozi hasa, yaani Muuguzi Mkuu wa Halmashauri au wa Mkoa, shahada ya uuguzi peke yake inazidi kuwa ya kawaida. Aangalie masomo ya usimamizi wa mifumo ya afya, Mzumbe wanayo, au uzamili wa uuguzi MUHAS (chuo kikuu cha Muhimbili). Na wakati anasubiri, ajifunze kuandaa bajeti ya kituo. Tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja vituoni 2017/18, muuguzi anayejua mpango wa kituo na FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo, anasikilizwa kwenye kikao. Anayejua wodi tu anaulizwa kuhusu wodi tu.

Kwa ombi la barua ya uteuzi, haya maneno yanatosha, abadilishe panapohusika:

*YAH: OMBI LA BARUA YA UTEUZI WA MSIMAMIZI WA WODI YA WATOTO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea kikao cha asubuhi cha tarehe ........ ambapo nilitangazwa kuwa msimamizi wa wodi ya watoto. Tangu tarehe hiyo natekeleza majukumu yaliyoorodheshwa kwenye kiambatisho A. Naomba kupatiwa barua ya uteuzi inayoonyesha tarehe ya kuanza, majukumu, ninayeripoti kwake, saa za usimamizi kwenye rosta na maslahi yanayoambatana na nafasi hiyo. Kiambatisho B kinaonyesha mahitaji ya wauguzi wa wodi kwa hesabu ya saa za kazi.*

*Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Muuguzi Mkuu wa Halmashauri, Jalada binafsi.*

Ipite kwa Muuguzi Mfawidhi na Mganga Mfawidhi, isiwaruke. Apeleke nakala mbili masijala na arudi na moja iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Suala likifika mbali, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda kwenye vyombo vya kazi, na huo mhuri ndio utakaothibitisha alianza lini.